Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi: masijala haina msimu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Nkuhungu, hapahapa Dodoma. Nimechelewa kwa sababu tuliambiwa tuvumilie. Ila Ijumaa iliyopita afisa utumishi wa taasisi ninayofanyia kazi aliniita, akanisogezea mkataba wangu wa sita. Mitano ya kwanza ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Huu ni wa miezi mitatu. "Saini hapo chini," akasema, macho kwenye simu.

Jioni hiyohiyo mwenye nyumba akadai kodi ya miezi sita.

Mimi ni mtunza kumbukumbu wa masijala, pale majalada ya ofisi yanapotunzwa. Majalada ya watumishi wa kudumu yanapita mikononi mwangu: barua ya mtu kuthibitishwa kazini naigonga muhuri, naipa namba ya folio, naifunga. Ya kupanda daraja, vilevile. Wawili kati yao mimi ndiye niliyewafundisha kutafuta jalada. La kwangu lina mikataba sita na barua moja ya onyo, kwa kuchelewa siku ya mvua. Benki nako nilipoomba mkopo waliniuliza cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Sina. Tofali zangu kule Nzuguni zimeota nyasi zikisubiri mkopo huo.

Wengine wanasema kibali cha ajira ya kudumu hakijatoka, wengine ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, imejaa. Mimi nahisi (utanisamehe nikikosea) mtu wa mkataba anapendwa kwa sababu haulizi maswali.

Mikataba siipingi. Mradi ukiwa wa miaka miwili, mpe mtu miaka miwili, ukiisha muagane. Lakini masijala ilikuwepo kabla Serikali haijahamia Dodoma, na itakuwepo nikishazikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipotungwa mwaka 2004, kifungu cha 14 kiliruhusu mikataba ya muda maalumu kwa wanataaluma na mameneja. Umeneja nimeupata lini, na mshahara wake uko wapi?

Mwaka juzi kiongozi mmoja alisimama mbele yetu ukumbini akasema vibali viko njiani. Kutoka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, hadi ofisini kwetu ni lami tupu, Mheshimiwa.

Siombi gari, siombi nyumba. Naomba kibali. Kama hakipo, niambiwe hakipo, nijue cha kumjibu mwenye nyumba. Lakini naomba kibali.

Ni mimi,
Mtunza kumbukumbu, mkataba wa sita