Risala ya Halmashauri ya Kijiji kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Siku ya Ufunguzi wa Ofisi ya Kijiji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Mameneja wa taasisi za Serikali mliofuatana na Mgeni Rasmi,
Wazee wetu, viongozi wa dini, ndugu wananchi.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli nyingi za wilaya na kuja kwetu. Tunajua gari lako limeishia korongoni na kwamba umemalizia safari kwa miguu. Tunakuomba radhi kwa usumbufu huo, na tunakuomba pia usiusahau, kwa kuwa ndio tutakaouzungumzia zaidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kijiji chetu kilianzishwa mwaka 1974 wakati wa Operesheni Vijiji, wananchi walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja. Serikali za Mitaa ziliporejeshwa mwaka 1984, tukawa chini ya Halmashauri ya Wilaya kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, na hapo ndipo tulipo hadi leo. Tuna vitongoji vitano. Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila miezi mitatu bila kukosa, na mapato na matumizi husomwa hadharani.

Mafanikio ni mengi. Ofisi hii ya kisasa unayoifungua leo, yenye vyumba vitatu, imejengwa kwa tofali za kuchoma 9,000 zilizofyatuliwa na wananchi wenyewe. Halmashauri ya Wilaya ilituunga mkono kwa bati, nasi tunaishukuru sana. Tumetenga eneo la malisho, tumetunga sheria ndogo ya kulinda vyanzo vya maji, na kamati ya maji inakusanya fedha za huduma bila malalamiko. Kwa ruhusa yako, hayo tuyaache hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna haja moja kubwa, nayo ni korongo.

Barabara ya kutoka hapa hadi barabara ya lami ina urefu wa kilomita 6. Tuliilima wenyewe kwa majembe, na kila mwaka tunaifyeka. Katika kilomita ya nne inakatizwa na korongo lenye upana wa mita 7. Miaka ya nyuma yaliwekwa pale mabomba matatu ya zege ya milimita 600. Hayakumaliza msimu. Hayakuwa na zege la msingi, viungio havikuzibwa, udongo wa juu haukufika hata nusu mita, na upande wa kutokea maji hapakuwa na sakafu ya mawe. Mvua ya kwanza ilileta matawi yakaziba midomo ya mabomba, maji yakapanda juu ya barabara na kuangukia upande wa pili, yakachimba chini hadi tuta lote likakatika. Bomba moja bado limelala mita 40 chini ya hapo. Tunayaeleza haya ili kazi ijayo isirudie kosa lile lile.

Athari zake unaweza kuziona mwenyewe. Desemba hadi Aprili wagonjwa wanavushwa kwa machela. Mvua zikiisha korongo linakauka, lakini kingo zimeliwa zikawa kama ukuta, kwa hiyo hata wakati wa mavuno fuso haishuki. Alizeti inavushwa kwa vichwa, gunia moja moja, na mnunuzi anaikata gharama hiyo kwenye bei ya mkulima. Ushuru wa mazao hayo hayo unakusanywa ng'ambo ya korongo, baada ya gunia kuvuka.

Kuna na jingine. Bomba la maji la inchi mbili linalotoka kwenye tangi linapita pale pale. Lilifukiwa mita moja kwenda chini. Leo liko wazi linaning'inia kwa urefu wa mita 6, na kamati ya maji imelifunga kwa waya kwenye shina la mgunga. Gogo moja likilipiga wakati wa mafuriko, vitongoji vitatu havina maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa nini jambo hili halijapata mwenyewe? Zamani mhandisi wa barabara na mhandisi wa maji wote walikuwa Halmashauri ya Wilaya, na barua moja ilitosha. Julai 2017 barabara za wilaya zilikwenda TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyo chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Julai 2019 maji ya vijijini yalikwenda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyo chini ya Wizara ya Maji. Hatupingi mabadiliko hayo, yana sababu zake na yameleta wataalamu. Lakini bajeti ya barabara inafuata orodha ya mtandao wa barabara, na barabara yetu haimo katika orodha hiyo, hata kwa daraja la chini kabisa la barabara ya jamii. Isiyo na namba haina fungu. Kwa upande wa kijiji, sheria inatupa ardhi ya kijiji, sheria ndogo na nguvu za wananchi. Haitupi mhandisi wala greda.

Kwa hiyo tumekuwa tukizunguka. Ofisi ya kwanza ilitujibu kwamba barabara si jukumu lake tena. Ya pili ikatujibu kwamba barabara hiyo haitambuliki. Ya tatu ikasema haiwezi kulifukia bomba kabla korongo halijadhibitiwa, na kulidhibiti si kazi yake. Majibu yote matatu ni sahihi kisheria, na barua zote zimo kwenye faili tunalokukabidhi leo. Hatuzitaji ofisi hizo kwa majina kwa heshima ya watumishi tulio nao hapa, ambao tunajua wanafanya kazi katika mazingira magumu.

Vilevile, kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba ukifungue kitabu cha wageni utakapokisaini. Utakuta wageni rasmi watatu kabla yako wameandika kuhusu korongo hili: "Nimeliona, litafanyiwa kazi", "Tutaleta wataalamu", na "Lipo katika mpango." Wananchi waliamini. Baada ya ahadi ya pili walisomba mawe tripu 22, kokoto tripu 6 na mchanga tripu 9 wakayarundika kando ya korongo. Mchanga umechukuliwa na mvua za misimu miwili. Kokoto zimeota majani. Mawe yapo, na tukiwaita wananchi kwenye kazi nyingine ya kujitolea, hutuonyesha mawe hayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi daraja la nondo. TARURA imejenga madaraja ya mawe katika mikoa kadhaa, ukiwemo Kigoma, kwa gharama ndogo kuliko ya zege. Yanahitaji mawe magumu, saruji, mchanga, fomu ya mbao ya kushikilia tao hadi likomae, na fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Mawe tunayo. Nguvu kazi ipo. Wenye mashamba pande zote mbili wamesaini kutoa eneo bila fidia. Tunachokosa ni mhandisi wa kupima maji na kuchora, saruji, na fundi. Bomba la maji lipitishwe ndani ya daraja hilo hilo, kwenye kasha lake, ili watu wa barabara na watu wa maji wachimbe mara moja.

Kwanza, tunaomba uwaite Mkurugenzi, TARURA na RUWASA ndani ya siku 30, wakae korongoni kwenyewe na si ukumbini, kisha tupewe muhtasari unaotaja nani analipia nini. Tunajua taasisi hizo zina wizara tofauti. Hapa wilayani, meza inayoweza kuwaweka pamoja ni ya kwako. Pili, Mkutano Mkuu wa Kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata zimekwisha kupitisha ombi la barabara kuingizwa kwenye mtandao. Tunaomba ulisimamie katika Kamati ya Ushauri ya Wilaya, unayoiongoza, lifike Bodi ya Barabara ya Mkoa. Tatu, kabla ya Desemba yawekwe walau magabioni, yaani makasha ya waya yaliyojazwa mawe, kwenye kingo, bomba lisikatike wakati vikao vinaendelea.

Tunakumbusha pia, kwa ufupi, ile asilimia 20 ya ruzuku ya fidia ya vyanzo vya mapato vilivyofutwa, ambayo vijiji vilipaswa kurejeshewa. Ikifika, saruji ya kuanzia tutainunua sisi.

Mheshimiwa, katika kitabu cha wageni tumekuachia safu moja zaidi kulia kwa saini. Tunakuomba uandike humo tarehe ya kikao cha korongoni. Na wakati wa kurudi, wazee watakusindikiza hadi kwenye mawe.

Tunaomba kuwasilisha.

Mwenyekiti na Mtendaji,
kwa niaba ya Halmashauri ya Kijiji