Tukiiga visiwa vya Ugiriki, tuanze na matangi na ratiba ya meli

Mhariri,

Kila likizo inapokaribia, tunasoma tena kwamba visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria vinaweza kuwa Ugiriki ya Uganda. Picha zinazoambatana na maneno hayo hazibadiliki: nyumba nyeupe, bahari ya buluu, meza ya chakula ukingoni mwa maji. Sisi wakaazi wa Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese, hatupingi watalii kuja. Tunachopinga ni kuiga picha na kuacha kazi iliyo nyuma yake, kwa maana mkaazi wa visiwa vya Ugiriki kama Naxos au Paros anahangaika na mambo manne tunayohangaika nayo sisi: meli, maji, mizigo na choo. Tofauti ni kwamba wenzetu wameyawekea utaratibu.

Tuanze na meli. Julai na Agosti Bahari ya Aegean hupigwa na upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Upepo ukifika kiwango cha 8 katika kipimo cha Beaufort, yaani kilomita 62 hadi 74 kwa saa, kwa kawaida mamlaka ya bandari hupiga marufuku safari, na meli ndogo za mwendo kasi huzuiwa mapema zaidi. Anayeamua si nahodha, wala si mwenye meli anayehesabu tiketi alizouza. Abiria aliyezuiwa hurudishiwa nauli yake au husafiri siku nyingine kwa tiketi ileile. Kero zinabaki pale pale: rafu za maziwa na mboga madukani hubaki tupu, na marufuku ikiondolewa kila mtu hutaka kupanda meli ya kwanza. Ndiyo maana mwenyeji wa huko hapangi kushuka Piraeus, bandari ya Athens, asubuhi na kupanda ndege ya Athens jioni yake. Huacha siku moja katikati.

Kwetu, meli ya Nakiwogo, gati la Entebbe, kwa ratiba iliyozoeleka huondoka saa nane mchana, ikafika Lutoboka hapa Bugala baada ya saa tatu na nusu hivi, na hurudi kesho yake saa mbili asubuhi. Siku isipoondoka, habari hiyo huwafikia watu wakiwa tayari gatini na magunia yao. Njia mbadala ipo: Kampala hadi Masaka, kisha kilomita 41 hadi Bukakata, halafu feri isiyotoza nauli ya kuvukia Luku, upande wa pili wa Bugala. Lakini feri hiyo haivuki usiku. Anayeambiwa saa nane mchana pale Entebbe kwamba hakuna meli, hawezi tena kuiwahi. Aliyeambiwa saa mbili asubuhi anafika Luku jua halijazama. Kwa hiyo tunachoomba hakihitaji meli mpya. Ni uamuzi wa mapema, uandikwe ubaoni na kutumwa kwa simu.

Hapo pia tusiige kila kitu. Meltemi huvuma kwa nguvu mchana na mara nyingi hupoa usiku, kwa hiyo Mgiriki mwenye mashua ndogo huwahi alfajiri. Ziwa Victoria lina tabia ya kinyume. Usiku hewa ya baridi kutoka nchi kavu huteremka ziwani kutoka pande zote, inakutana na hewa ya joto yenye unyevu juu ya maji, na mvua za radi hujengeka hapo hadi alfajiri. Mtumbwi unaong'oa nanga saa kumi usiku ili uwahi soko la samaki unaondoka katika saa mbaya kuliko zote. Na hata ziwa likitulia, mzigo unaua: MV Templar iliyozama karibu na pwani ya Mukono tarehe 24 Novemba 2018, wakafa zaidi ya watu 30, ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Sheria ya usafiri wa majini ya 2021 tunayo. Jaketi okozi nazo zipo, ila nyingi zimekunjwa chini ya magunia ya mukene (dagaa), mahali ambapo hazimwokoi mtu.

Maji ndiyo yanayotutia aibu zaidi. Visiwa vingi vya Cyclades, kundi lenye Naxos na Paros, hupata mvua isiyozidi milimita 400 kwa mwaka, na kiangazi chao hupita miezi bila tone. Kwa hiyo nyumba za zamani zilijengwa na paa bapa lililopakwa chokaa, mvua ikitiririka hadi kwenye birika chini ya ua. Siku hizi visiwa vingi vina mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, lakini mabirika bado yapo. Sisi tunapata takriban milimita 2,000, na bado watoto wanapanda mlima na jerikeni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la mita za mraba 60, tukiondoa sehemu ya tano inayopotea, linatoa lita 96,000 kwa mwaka. Watu watano wakitumia jerikeni moja ya lita 20 kila mmoja kwa siku, tangi la lita 5,000 linawafikisha siku 50. Kinachokosekana ni mifereji ya kukinga maji, na palipo na mifereji, imefungwa vibaya. Iteremke sentimita 1 kwa kila mita, la sivyo maji hutuama na mbu huzaana. Lita 30 hadi 60 za kwanza za kila mvua zisiingie tangini, maana zinaosha vumbi na kinyesi cha ndege: bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 4, lililozibwa chini kwa kifuniko chenye tundu dogo, hukamata lita 30 na kuzimwaga polepole. Wavu ni lazima, na usafishwe kila sami wanapotua, kwa kuwa wadudu hao wa ziwani huziba mfereji mzima kwa usiku mmoja na kuoza humo. Lita 5,000 ni tani 5: tangi likiwekwa juu ya udongo mtupu litainama na kupasuka upande wa koki. Lijengewe jukwaa la zege.

Asiye na tangi kubwa na anaoga maji ya ziwa, basi ayaache ndani ya pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, kwa siku mbili. Viluwiluwi vya kichocho havimalizi saa 48 bila kumpata mtu. Ya kunywa yachemshwe vilevile.

Choo tusikizungumzie sana. Wageni wanaokwenda Ugiriki hushangaa kuambiwa karatasi ya chooni itiwe kwenye ndoo, kwa sababu mabomba ya huko ni membamba na huziba. Hoteli zetu za ufukweni zinazochimba mashimo kwenye mchanga zina tatizo kubwa kuliko hilo. Mei 2020 ziwa lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya 1964, mashimo hayo yalijaa kutoka chini. Ufukweni pajengwe choo kilichoinuliwa, si shimo.

Mizigo nayo. Tangu 2018 serikali ya Ugiriki ina mpango wa kufidia wakaazi na biashara za visiwani, ili kusafirisha kitu kwa meli kusigharimu zaidi ya kukisafirisha umbali huohuo kwa barabara. Hapa mfuko wa saruji unaokwenda visiwa vidogo vya Bukasa au Bufumira unapita kwa mchukuzi wa lori, wa toroli, wa mtumbwi, na boda, na kila mkono unalipwa. Kama fidia ni ndoto, angalau mifuko ipangwe juu ya mbao na kufunikwa turubai juu na chini. Saruji iliyolala sakafuni mwa mtumbwi hufika ikiwa jiwe.

Kwako, Mhariri, tuna ombi dogo. Utabiri wa ziwa hutolewa, lakini hauwafikii wengi kwa Kiswahili. Tenga kona moja ya gazeti, kila toleo, uchapishe utabiri huo pamoja na ratiba ya meli ya Nakiwogo na feri ya Bukakata, na uandike saa ambayo feri ya mwisho inaondoka.

Wasomaji wako,
Lutoboka, Kalangala