Kabla ya kuililia Super Deltic, tupige hesabu ya reli

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya toleo lililopita kuhusu vichwa vya treni vya dizeli vya mwendo kasi vilivyoishia kwenye karatasi inasomeka vizuri, na michoro yake inapendeza. Tatizo ni kwamba mwandishi amevipima vyote kwa kipimo kimoja, nguvu za farasi, kisha akaomboleza kwamba Uingereza ilichezea bahati kwa kutoiunda Super Deltic, toleo lenye nguvu zaidi la vichwa vya dizeli vya Deltic, miaka ya 1960. Ukikaa na kalamu ukapiga hesabu ya kinachotokea chini ya gurudumu, msiba huo unapungua sana.

Deltic zilizoundwa zilikuwa 22, zikaingia kazini mwaka 1961 na 1962. Kila kichwa kilibeba injini mbili za Napier zenye silinda 18, pistoni 36 zinazoelekeana na krankishafti tatu. Injini moja ilitoa farasi 1,650, jumla 3,300. Uzito ulikuwa kama tani 100 juu ya ekseli sita, yaani karibu tani 17 kwa ekseli, na mwendo wa juu maili 100 kwa saa (kilomita 161). Super Deltic ingetumia toleo la injini hiyo lenye tabochaja (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) na kuvuka farasi 4,000 kwa kichwa kimoja. Hapo ndipo makala ilipoishia, na hapo ndipo kazi ya mhandisi wa njia inapoanza.

Waingereza wana kipimo wanachokiita P2. Ni nguvu ya wima inayoishukia reli gurudumu linapopita kwenye kiungio kilichozama. Kikomo chake ni kilonyutoni 322, na namba hiyo ilipatikana kwa Deltic yenyewe ikipita kwa maili 100: walichukua kipigo ambacho njia ilikuwa tayari inakivumilia, wakasema basi, kisizidi hapo. P2 ina sehemu mbili. Ya kwanza ni uzito tuli wa gurudumu. Ya pili ni kipigo, kinachopanda sawia na mwendo na sawia na kipeuo cha pili cha uzito usiobebwa na springi: magurudumu, ekseli, gia, na sehemu ya mota ya umeme, ile inayozungusha magurudumu, iliyoegemea ekseli.

Sasa tuweke namba. Gurudumu la Deltic likiwa limetulia linakandamiza kwa takriban kilonyutoni 82. Toa hizo kwenye 322, kipigo kinabaki 240. Peleka kichwa hichohicho maili 125 kwa saa bila kugusa bogi zake (fremu zinazobeba ekseli chini ya kichwa): kipigo kinakuwa 300, jumla 382. Umeshavuka kikomo kwa 60 kabla hujaongeza hata kilo moja ya injini kubwa, rejeta kubwa na jenereta kubwa. Chukua kichwa cha tani 133 chenye ekseli sita na mota za mtindo uleule: uzito tuli ni 109, na kwa maili 125 jumla inafika 409. Hesabu hii ni ya mkono tu, imeacha vipengele vidogo vya ugumu wa njia, lakini hakuna marekebisho ya kufuta ziada ya kilonyutoni 87.

Sikuichagua tani 133 ovyo. Ndiyo uzito wa Kestrel, kichwa pekee cha jamii hiyo ambacho watengenezaji Brush walikitoa kwenye karatasi wakakisimamisha juu ya reli mwaka 1967, chenye injini moja ya Sulzer ya farasi 4,000. Kilichorwa kwa maili 125. Njia haikukitaka. Mwaka 1969 kikabadilishiwa bogi, kikapungua hadi tani 126, bado tani 21 kwa ekseli, na mwaka 1971 kikauzwa Umoja wa Kisovieti. Anayetaka kujua Super Deltic ingeishia wapi asome historia ya Kestrel kwanza.

Dawa ilijulikana. Mota ya Deltic iliegemea ekseli kwa upande mmoja na fremu ya bogi kwa upande mwingine, hivyo karibu nusu ya uzito wake uligonga reli kama nyundo pamoja na gurudumu. Mota ikifungwa yote kwenye fremu ya bogi, juu ya springi, na nguvu ikapelekwa kwenye ekseli kwa shafti yenye viungo vinavyonyumbuka, uzito wa chini unashuka. Ili kichwa cha tani 17.5 kwa ekseli kirudi ndani ya 322 kwa maili 125, uzito usio na springi upungue kwa takriban asilimia 38. Inawezekana, ila ina gharama: viungo vinachakaa, raba zinapasuka, na karakana inapata kazi mpya ya kukagua. Mchoro usioonyesha mota imefungwa wapi haujasema lolote kuhusu mwendo, hata kama pua yake imechongoka vipi.

Wengine watasema uzito unahitajika kwa mshiko wa gurudumu kwenye reli. Wakati wa kuondoka stesheni, ndiyo. Kwa kilomita 200 kwa saa, hapana. Injini ya farasi 4,000 ikifikisha kilowati 2,400 kwenye magurudumu, kwa mwendo huo inavuta kwa kilonyutoni 43 tu, kama asilimia 3.3 ya uzito wa tani 133. Reli iliyolowa hutoa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwendo ukishakolea, sehemu kubwa ya tani hizo ni mzigo unaojibeba wenyewe.

Suala jingine ambalo michoro hulipitia juu juu ni joto. Dizeli ya kilowati 2,980 inayogeuza asilimia 40 ya nishati ya mafuta kuwa kazi humwaga takriban robo ya nishati hiyo kwenye maji, mafuta ya kulainishia na hewa inayosukumwa ndani ya injini. Ni kama kilowati 1,860 za kuondoa kupitia rejeta. Ukiruhusu hewa ipande nyuzi 25, unahitaji zaidi ya mita za ujazo 60 za hewa kila sekunde, ndani ya boksi ambalo tayari limejaa injini, tangi na breki. Rejeta ikiziba kwa majani na vumbi lililoshikana na mafuta, injini inajipunguza nguvu au inazima, na siku ya joto kali ndiyo inayokumaliza.

Kisha kuna umeme wa mabehewa. Farasi 4,000 za mchoro ni kabla au baada ya kuutoa? Kwenye F40PH, kichwa cha Marekani cha farasi 3,000, jenereta ya mabehewa ilizungushwa na injini kuu, kwa hiyo injini ilibidi izunguke karibu mara 900 kwa dakika hata treni ikiwa imesimama, ili umeme ubaki hezi 60. Kila kilowati iliyokwenda kwenye viyoyozi haikwenda kwenye magurudumu.

Jibu la Uingereza lilikuwa treni ya mwendo kasi iitwayo HST: vichwa viwili, kimoja kila mwisho wa treni, kila kimoja tani 70 na ekseli nne, injini ya Paxman Valenta ya farasi 2,250, mota zikiwa kwenye fremu ya bogi. Jumla farasi 4,500 kwa tani 17.5 kwa ekseli. Treni ya majaribio ilifika maili 143 kwa saa tarehe 12 Juni 1973, na abiria wakaanza kwenda kwa maili 125 Oktoba 1976. Breki zake za diski ziliisimamisha ndani ya nafasi za taa za ishara zilizokuwepo. Kichwa cha tani 133 kwa mwendo huo kina karibu megajuli 208 za kumaliza kabla hujahesabu behewa hata moja. HST nayo ilikuwa na maradhi yake: Valenta zilipata joto kupita kiasi na vichwa vya silinda vilipasuka. Lakini injini moja ikifa, ya pili iliifikisha treni. Kestrel ingekwama hapohapo.

Wasovieti walikwenda njia nyingine. TEP80, kichwa chao cha farasi 6,000, iligawa tani 180 juu ya ekseli nane, na mwaka 1993 ikafika kilomita 271 kwa saa. Hizo ni tani 22.5 kwa ekseli. Ziliundwa mbili tu.

Mkiichapisha tena michoro hiyo, wekeni chini ya kila kichwa tani kwa ekseli, mahali mota ilipofungwa, ukubwa wa rejeta, na kama farasi zimehesabiwa kabla au baada ya umeme wa mabehewa. Isiyo na namba hizo ihamishieni ukurasa wa sanaa.

Wenu,
Msomaji, fundi wa bogi na breki