Tuwalipe mafundi kwa kupima, si kwa kukata nyaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie matengenezo ya magari ya zamani ya Kimarekani, yale machache ya Chevrolet, Ford na Dodge yaliyobaki hapa Moshi na kwa jirani zetu wa Arusha, ambayo mengi huonekana Jumamosi yakiwa yamepambwa maua ya harusi na siku nyingine hulala chini ya turubai. Yakiharibika, mwenye gari huambiwa maneno yaleyale: vipuri hakuna, ng'oa injini hiyo uweke ya Toyota, na waya zote zivutwe upya. Kwa ninavyoona gereji, ushauri huo hutolewa mapema mno, kabla mtu hajashika mita ya umeme akapima.

Nianze na umeme, kwa kuwa ndiko uharibifu mkubwa unakofanyika. Nyaya za magari haya zilifungwa kiwandani kwa rangi maalumu, na kila rangi ina kazi yake katika mchoro wa umeme wa gari la aina na mwaka husika. Fundi anapokata fungu hilo, akavuta waya mwekundu kutoka kwenye betri hadi kwenye taa, mwingine mwekundu hadi kwenye honi na wa tatu mwekundu hadi kwenye koili, kifaa kinachokuza umeme wa betri ili plagi zitoe cheche, kisha akazungushia tepu nyeusi, gari litawaka jioni hiyohiyo na mwenyewe atashukuru, lakini fundi atakayefuata hatakuwa na namna ya kujua upi unakwenda wapi. Tena mara nyingi tatizo halikuwa kwenye waya hata kidogo, bali kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi: ule mkanda mfupi unaounganisha injini na bodi umeliwa na kutu, au umefungwa juu ya rangi mpya gari lilipotoka kupigwa rangi, basi taa zinafifia, geji ya mafuta inadanganya na stata inazunguka kwa uvivu. Kwa gari lenye ethi hasi, yaani ambalo temino hasi ya betri ndiyo iliyounganishwa na bodi, kulibaini si kazi kubwa. Washa taa kubwa, weka ncha moja ya mita kwenye temino hasi ya betri na nyingine kwenye bodi. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, tafuta pa kukwangua kabla ya kutafuta koleo.

Nimesema ethi hasi kwa sababu si zote ziko hivyo. Ford za hadi 1955 zilitumia betri ya volti 6, na ethi yake ilikuwa chanya. Chevrolet ilihamia volti 12 mwaka 1955, na Ford ikafuata mwaka 1956 kwa volti 12 na ethi hasi. Anayefunga betri kwa mazoea ya Land Cruiser bila kuuliza gari ni la mwaka gani anaweza kuunguza balbu na geji kwa dakika moja.

Lipo jambo jingine linalowasumbua wengi. Katika Chevrolet na Ford nyingi za miaka ya 1960, waya unaopeleka umeme kwenye koili si waya wa kawaida. Una ukinzani unaopunguza volti injini ikishawaka, na koili hupata nguvu yote ya betri kupitia njia nyingine pale tu stata inapozungusha. Kwa macho ni rahisi kuudhania waya wa kawaida. Ukikatwa na kuwekwa wa kawaida, injini huwaka vizuri ajabu, kisha pointi za distribyuta, yaani swichi ndogo za kuruhusu na kukata umeme wa koili ndani ya kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, zinaanza kuungua, koili inachemka, na gari linazima njiani jua la mchana. Zinanunuliwa pointi mpya, nazo zinaungua vilevile, na hapo ndipo hukumu ya injini ya Toyota inapotolewa.

Kwenye upande wa mekanika mambo hayako mbali na hayo. Niliwahi kuikuta Mustang ya Ford yenye injini ya V8 ya 289, yaani ya silinda nane na ujazo wa inchi za ujazo 289, ikisubiri kung'olewa injini, kumbe waya za plagi zilikuwa zimepangwa kwa mpangilio wa kuwaka silinda wa Chevrolet, yaani 1-8-4-3-6-5-7-2, ilhali injini hiyo inataka 1-5-4-2-6-3-7-8, distribyuta yake inazunguka kinyume cha saa, na hata silinda zake hazihesabiwi kama za Chevrolet. Arusha nayo iko takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli nyingi kuliko inayohitajika kwa hewa iliyopo. Plagi yenye masizi makavu haimaanishi kwamba ringi za pistoni zimekwisha.

Sisemi kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Masta silinda ya breki, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, yenye chumba kimoja, iliyokuwa ya kawaida kwa magari ya kabla ya 1967, ibadilishwe iwekwe ya vyumba viwili, kwa sababu bomba moja likipasuka kwenye mteremko breki zote zinaondoka kwa pamoja. Taa kubwa zilizotengenezwa kwa nchi ambako magari hupita upande wa kulia nazo zibadilishwe, maana huku kwetu zinammulika dereva anayekuja.

Wa kulaumiwa si mafundi peke yao. Fundi akishinda kutwa akifuata waya mmoja na mwishowe akakaza skrubu, mteja humpa hela ya soda na kulalamika kwamba hakuna alichofanya. Akileta koili mpya ndani ya boksi, analipwa bila maneno. Ndiyo maana napendekeza gereji ziandike kwenye ubao wa bei gharama ya kupima, iwe peke yake na ilipwe hata kama hakuna kifaa kilichobadilishwa, na mwenye gari apeleke mchoro wa umeme wa gari lake uliochapwa kwenye karatasi kubwa. Chuo cha Ufundi Arusha na VETA ya hapa Moshi wangeweza kuwafungulia mafundi walio kazini mafunzo mafupi ya jioni kuhusu distribyuta, dinamo na kabureta, na wazee wachache waliozifahamu injini hizi wakaalikwa kufundisha wakiwa bado wana nguvu.

Mwenye gari la zamani,
Moshi