Salamu za Krismasi kwa Wapendwa Wasomaji

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Kwa niaba ya familia yangu nawatakia nyote heri ya Sikukuu ya Krismasi, nikimshukuru Mungu aliyetuvusha salama katika mwaka ambao kwa wengi wetu haukuwa mwepesi. Maisha yamepanda, na kitabu ambacho zamani mtu alikinunua bila kusita, sasa kinangoja mpaka ada na chakula vipatikane kwanza.

Mwaka huu pia tumempumzisha mzee wetu aliyetuongoza kwa muda mrefu katika kusoma pamoja. Familia yake ilinikabidhi kitabu chake kimoja, cha mwandishi asiyemwamini Mungu, nacho kimejaa maandishi ya penseli pembezoni. Mahali alipopingana naye aliandika sura na aya ya Biblia, na mahali mwandishi aliposema kweli aliandika neno moja tu: "Kweli." Hata leo nikikutana na jambo zuri ukurasani, mkono hunyoosha simu ili nimpigie, ndipo nakumbuka.

Kwa ajili yake nimeisoma tena sura ya 2 ya Mathayo. Herode anauliza Kristo azaliwa wapi, nao makuhani wakuu na waandishi wanamjibu papo hapo, Bethlehemu ya Uyahudi, kama alivyoandika nabii Mika. Jibu ni sahihi kabisa, lakini hatusomi popote kwamba hata mmoja wao alifunga safari. Waliokwenda ni mamajusi, watu wa mashariki, ambao elimu yao ya nyota iliwafikisha Yerusalemu, na hapo ikawabidi waambiwe kilichoandikwa ndipo waelekee Bethlehemu. Sura hii inanitisha, kwa sababu wengi wetu tunaojua aya kwa moyo tunafanana zaidi na wale waliobaki mjini.

Naye Paulo alipokuwa Athene, roho yake ilichukizwa kwa wingi wa sanamu, lakini hakuyafumba macho. Alizitazama ibada zao hata akaona madhabahu ya Mungu asiyejulikana, akaisoma, akaanzia hapo kuhubiri. Tena akawanukulia watunga mashairi wao, "Maana sisi sote tu wazao wake," maneno yanayopatikana katika utenzi wa Arato, mshairi wa Kiyunani, ambaye alikuwa akimsifu Zeu, mungu mkuu wa Wayunani. Mtu hanukuu shairi asilolijua. Kuchukizwa na sanamu hakukumzuia kuwasikiliza kwa makini watu waliozichonga.

Ndugu zangu, sisi tunaihukumu filamu ambayo hatujaitazama na kukilaani kitabu ambacho hatujakifungua, kwa sababu ya kipande cha dakika moja kilichosambazwa kwenye simu. Kisha watoto wetu wanapotuuliza maswali ya kweli kuhusu wimbo wanaoupenda, tunawajibu kwa makaripio, nao wanakwenda kuuliza kwingine. Tusifanye hivyo tena. Tukae nao, tusikilize mpaka mwisho, tuulize wimbo huo unamwona mwanadamu kuwa nani na unamwahidi nini, na yote tuyapime kwa Neno, kama Waberoya, watu wa mji wa Beroya, waliochunguza Maandiko kila siku hata walipohubiriwa na mtume. Na wasiojisomea Biblia nyumbani wasidhani watakuwa na kipimo siku watakapokihitaji.

Wala ugumu wa maisha usituondoe kwenye kusoma. Paulo akiwa kifungoni, akijua kwamba wakati wa kufariki kwake umefika, alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu pia, hasa vile vya ngozi. Basi tuazimane tulivyo navyo, tusomeane kwa sauti, na mwenye viwili ampe asiye nacho.

Mungu awafariji waliofiwa, awaponye wagonjwa, awafungulie milango waliokosa kazi. Nawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye afya, amani na baraka tele.