Mhariri, jina la nne la mjomba wangu mumelikata

Mhariri,

Assalamu alaykum. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi hapa Mombasa na sijawahi kuandika barua gazetini, ila mwezi uliopita tulileta tanzia ya mjomba wangu, kakake mama, tukalipa, tukaandika jina lake lote vile mwenyewe alivyokuwa akilitaja, majina manne, na siku tanzia ilipotoka yakawa matatu. La nne halipo. Nikapiga simu, kijana mmoja akanijibu kwa upole kabisa kwamba sehemu ya jina inachukua majina matatu tu, mfumo ndio umewekwa hivo, na watu watamjua marehemu kwa picha. Sikumgombeza manake si yeye aliyeuweka huo mfumo. Lakini mama alilishika gazeti akalisoma, akalisoma tena, alafu akaniuliza, "sasa huyu ni nani?"

Jina lenyewe ni Nabahani. Naandika kwa sababu naona wengi hawajui kukatwa hilo jina ni kukatwa nini.

Kwetu pwani mtu ana jina lake, kisha la babake, kisha la babu yake, na mwisho ndio unakuja mlango, yaani ukoo. Yale matatu ya mbele ni ya kila mtu, Ali, Mohamed, Omar, Ahmed, tunayazungusha haohao toka enzi na enzi, mjukuu anapewa la babu, la babu lilitoka kwa babu yake. Simama Mji wa Kale baada ya sala ya Ijumaa uite Mohamed Ali Omar uone watageuka wangapi. Kinachomtenga huyu na yule ni lile la mwisho. Hata marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, yule bingwa wa mashairi na lugha aliyezaliwa 1927 na kufariki 2017, nyinyi wenyewe mnaandika runinga kwenye gazeti lenu na hilo neno watu wanamshukuru yeye, sasa mkateni la mwisho abaki Ahmed Sheikh, nani atajua mnamzungumzia nani?

Na hapo mtaona yeye aliandika Nabhany na mjomba aliandika Nabahani. Ni jina moja. Kwa herufi za kiarabu ni nun, be, he, alifu, nun, ye, irabu fupi haziandikwi, kwa hivo lilipoanza kuandikwa kwa herufi za kizungu kila karani alisikia lake, kuna Nabhani, Nabhany, Nabahani, Nabahany, na wengine wanatia al mbele. Mdomo wa mswahili haupendi b na h zigandane ndio tukatia a katikati. Nimeona ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana vitambulisho vya tahajia mbili tofauti, sasa mtu akija kuhesabu kwa kompyuta atasema hizi ni koo mbili ndogondogo na kumbe ni nyumba moja.

Mzizi wake pia tunao kinywani kila siku bila kujua. Mkisema mtu ametanabahi, yaani amezindukana, au mkiandika tanbihi chini ya ukurasa, ni n-b-h hizohizo. Nabihi kwa kiarabu ni mtu mwerevu, aliye macho. Mjomba alipenda sana kutuambia hilo tukiwa wadogo tukichelewa kuamka.

Asili yake ni Oman. Huko Banu Nabhan walitawala kuanzia 1154 hivi mpaka 1624 ukoo wa Yaarubi ulipochukua uimamu, na makao yao makubwa yalikuwa Bahla, ile ngome ya udongo ambayo UNESCO iliitia kwenye urithi wa dunia 1987. Huko kwao jina si adimu hata kidogo, na kwenye vita vya Jebel Akhdar miaka ya 1950 mmoja wa vigogo alikuwa Suleiman bin Himyar al-Nabhani. Adimu ni huku kwetu. Huku Nabahani maana yake ni Pate, kile kisiwa karibu na Lamu.

Habari za Pate, ile tarikhi ambayo Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, wenyewe walimuita Bwana Kitini, aliisimulia kwa kichwa na watu wakaandika mapema karne ya 20, inasema Sulaiman bin Sulaiman alifika Pate mwaka 600 wa Hijria, ndio 1203 kuingia 1204, akaoa binti wa mfalme wa wenyeji, Wabatawi, na kupitia ndoa ile ufalme ukamfikia. Wataalamu wa kuchimba chini wameipinga hiyo tarehe. Mwingereza mmoja, Neville Chittick, aliandika 1969 kwamba Nabahani hawakufika mapema vile, ni mambo ya karne nyingi baadaye, na ilhali waliochimba baada yake wamekuta mji wa Pate wenyewe ni mkongwe kuliko alivyodhani yeye, watu walikaa pale kabla hata ya huo mwaka 600. Mimi nikiyaweka pamoja naona hivi: mji ni wa wenyeji, jina lilikuja likaukuta. Na silioni hilo kama aibu kwa ukoo, mbona tarikhi yao wenyewe inasema vilevile, kwamba mgeni aliposhuka alimkuta mfalme ana kiti na ana binti.

Na huyo binti ndiye sijawahi kuacha kumfikiria. Ufalme ulipita kwa mwanamke. Bila yeye Sulaiman ni mgeni tu aliyeteremka jahazini. Na baadaye kabisa, karne ya 18, Pate ilitawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija, toka 1764 mpaka 1773. Lakini jina halipiti kwa mwanamke. Mama yangu ni Nabahani kwa babake, mimi si Nabahani, mimi nachukua mlango wa babangu ambao ni mwingine. Mjomba aliyefariki alikuwa na watoto wanne, wote mabinti, wameolewa wana watoto, na hao watoto wana milango ya baba zao. Kwa hivo kwa upande wetu lile jina lilikuwa limekaa kwa mwanamume mmoja, na huyo mtu mkamtoa gazetini bila nalo.

Hii si bahati mbaya ya nyumba yetu pekee. Piga hesabu mwenyewe, nyumba ikizaa watoto wawili, kwa kila nyumba nne moja kwa wastani itakuwa ya wasichana watupu na jina linaishia pale. Watoto wanne, ni nyumba moja kwa kila 16, na sisi tukawa hiyo moja. Uingereza kule watu wawili, Francis Galton na Henry Watson, walikaa 1874 wakaliandikia hesabu hilihili, kwa nini koo kubwa kubwa za watu wenye vyeo zinakwisha, na moja ya walichokiona ni kwamba jina likipita kwa wavulana tu, koo nyingi zitakatika zenyewe hata kama hakuna vita wala maradhi, ni kete tu zinavyoanguka, na zile chache zinazobaki zinajaa. Jina likiwa na watu elfu kumi halisikii. Likiwa na watu wachache kama letu kila nyumba ya mabinti inauma.

Na Nabahani hawajawahi kuwa wengi. Walikuwa ni nyumba ya ufalme, si kabila. Waliobaki Pate, waliohamia Amu, yaani Lamu, na Matondoni, waliokuja Mombasa, na wale wa Witu. Habari ya Witu vijana hawaijui. Baada ya kugombana na masultani wa Busaidi wa Unguja, Ahmad aliyeitwa Simba alihama kisiwani akajenga bara kwenye msitu, akapokea kila aliyekimbia, na watumwa waliotoroka walipata pahali pa kukaa huko. Wajerumani wakatia mkono wao 1885, 1890 wakaiachia Uingereza kwa mapatano yao wenyewe huko Ulaya, mwaka huohuo Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na Oktoba manowari za Uingereza zikateremsha askari mji ukachomwa moto. Sultani Fumo Bakari akafa mwanzoni mwa 1891. Usultani ukaburutwa chini ya Waingereza mpaka 1923 ukaisha kabisa. Familia iliyokuwa imekusanyika pahali pamoja ikatawanyika, wengine wakaishi na jina la mama, wengine wakalificha.

Manake kulikuwa na zama jina linakufaa na zama linakuponza. Wakati wa mkoloni kuandikwa Mwarabu au mwenyeji kulikuwa na tofauti ya kodi na ya haki, basi watu walilitaja kwa nguvu. Baada ya uhuru mama anasema ilikuwa kinyume, ukitaja al fulani kwenye kaunta unaulizwa kwani kwenu ni wapi, na yeye kwao ni Pate, hajui pengine, babake kazaliwa Pate na babu yake kazaliwa Pate, lakini kwa kuchoka kujieleza watu wakaliacha liende. Mimi mwenyewe nilipokwenda na binamu yangu kuchukua kitambulisho, fomu ilikuwa na nafasi za majina matatu, karani akamwambia chagua, la babu au la ukoo, huwezi yote. Msichana wa miaka 18 anaambiwa achague kati ya babu yake na mlango wake huku watu nyuma wanasukumana. Akachagua la babu. Wa nyuma yake watachagua hivohivo, na sensa inatuuliza kabila lakini haituulizi mlango, kwa hivo hakuna daftari lolote la serikali litakaloonyesha siku jina hili lilipoondoka.

Ndio nasema, jina hili linakufa kwa njia mbili na zisichanganywe. Moja ni ya mabinti na kete, hiyo ni kadari ya Mungu na sina ugomvi nayo. Nyingine ni ya kalamu. Mtu yuko hai, ana jina, na fomu inamwambia hakuna nafasi. Kuna Nabahani bado, Alhamdulillahi, Amu wapo na Mombasa wapo, ila mkiendelea kukata itaonekana hawapo. Na si wao pekee, kuna Wabatawi wenyewe, waliokuwa na Pate kabla, ni nani leo anaandikwa Batawi gazetini?

Nilikwenda Pate mara ya mwisho na mjomba, miaka kadhaa nyuma, alikuwa bado ana nguvu. Tulishuka Mtangawanda tukaendelea mpaka mjini, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye magofu, kuta za matumbawe zimesimama katikati ya mashamba ya tumbaku, na wageni wanaokuja na vitabu vyao wanayaita magofu ya Nabahani. Mjomba akagusa ukuta akasema, jina letu wameliandikia mawe. Hakusema kwa uchungu, alisema tu kama mtu anayeonyesha mlango wa nyumba. Alafu akachuma jani la tumbaku akalinusa, tukarudi.

Sasa ombi langu, mhariri. Ukurasa wa tanzia ndio daftari letu sisi watu wa kawaida. Mtu ambaye hakuwahi kuandikwa popote anaandikwa pale, siku moja, na kipande kile kinakatwa kinahifadhiwa miaka. Waambieni wanaotengeneza huo mfumo waongeze nafasi ya nne, au waache mstari mmoja mrefu mtu aandike jina lake lilivyo, hata likiwa na bin na binti na al, na tahajia iwe ile ya mwenye jina, mkiletewa Nabhany andikeni Nabhany, mkiletewa Nabahani andikeni Nabahani, msisawazishe. Kama ni suala la bei kwa neno mtutoze, hakuna aliyekataa kulipa neno moja.

Na ile tanzia yenyewe naomba itolewe upya. Jina lote nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pili iliyofungwa na barua hii, mama amekagua mwenyewe kwa miwani yake. Ana miaka 82. Ile iliyotoka mwezi uliopita hakuitupa wala hakuikata, ameikunja akaiweka juu ya kabati, anasema anasubiri iliyo sawa ndio aiingize kwenye mkoba wa vyeti.

Wenu msomaji,
Mji wa Kale, Mombasa