Barua kwa Aikande: Kikombe, Moto na Pamba

Chumbageni, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Aikande,

Habari za Moshi na baridi yenu? Sisi hatujambo, ni joto tu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikikuna nazi, nikaurudia baada ya isha, kisha nikaona bora nikuandikie, maana nikikujibu kwa sauti utasema tena kwamba nahutubia.

Kwamba mwanao Baraka amegoma kwenda kanisani, hilo halikunishtua. Kijana wa mwaka wa pili chuo kikuu asipogombana na Mungu atagombana na baba yake, na baba yake hana subira ya Mungu. Lililonifanya nikae kitako ni hoja yake: eti dini Afrika ni kikombe cha Babu, taifa zima lilijipanga porini mwaka 2011 kunywa maji ya mizizi kwa sababu mchungaji mstaafu aliota ndoto, na baada ya hapo hana la kuongeza. Mimi ninalo.

Wakati ule Baraka alikuwa ndiyo kwanza anajifunza a, e, i, o, u, kwa hiyo msimulie vizuri. Kijiji ni Samunge, upande wa Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Mchungaji Ambilikile Mwasapile, ndiye huyo Babu, alikuwa wa KKKT, kanisa lenu wenyewe la Kilutheri, na alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha mti. Watu wa huko wanauita mugariga, Wamasai wanauita olamuriaki na wamekuwa wakichemsha mizizi yake kwenye supu tangu zamani. Kwetu huku ni mtandamboo. Kikombe kimoja, shilingi 500, hakuna kurudia. Kisukari, saratani, shinikizo la damu, hata UKIMWI, vyote kikombe kimoja. Ila kulikuwa na sharti, na hilo ndilo nitakalokusumbua nalo hapa chini: dawa haifanyi kazi mpaka itoke mkononi mwake. Ukichimba mzizi uleule ukachemsha jikoni kwako, umekunywa maji machungu tu.

Ilipofika Machi magari yalikuwa yamepangana kwa kilomita nyingi kwenye vumbi. Walikwenda wabunge na mawaziri, wenye fedha walishuka kwa helikopta, Wakenya walimiminika kupitia Namanga, na wapo wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao wakapakiwa kwenye basi. Mwisho wa mwezi Babu mwenyewe aliomba watu wasije kwanza, foleni ipungue. Magazeti yaliandika kwamba zaidi ya watu 50 walifia njiani na kwenye foleni wakisubiri zamu.

Mama mdogo Zaituni, unamkumbuka, naye alikwenda. Mjomba alimsimamia mlangoni: Mwislamu unafuata nini kwa mchungaji wa Kilutheri? Akamjibu, "Nafuata sukari ishuke." Akapanda gari. Aliporudi, kikombe chenyewe alikieleza kwa sentensi moja, kwamba ni kichungu, na safari akaisimulia mwezi mzima. Gari lilikwama mbele ya Engaruka. Kuna mama wa Kikamba alimpa shuka usiku, wakalala migongo imegusana. Alfajiri wanaume walifagia kijisehemu kati ya malori mawili wakaswali, na hatua chache kutoka pale Wakatoliki walikuwa kwenye rozari yao. Hakuna aliyemuuliza mwenzake dini. Hata serikali yenyewe haituulizi. Sensa zetu ziliacha swali hilo baada ya ile ya 1967.

Sasa sikiliza kituko. Zaituni hakuacha vidonge hata siku moja. Nilipomuuliza kwa nini, ikiwa ameshapona, alisema Mungu kamponya, lakini daktari naye kampa vidonge kwa nia njema, kuvitupa ni utovu wa adabu. Sukari ilipokuja kutulia tukabaki tunatazamana. Ni kikombe? Ni vidonge? Au ni kule kukaa njia nzima bila chai ya sukari wala soda? Kila mtu pale nyumbani alikuwa na jibu lake na hakuna aliyeweza kulithibitisha.

Swali hilo, Aikande, lina karne nyingi. Marehemu baba alikuwa akituhadithia mzozo wa wanazuoni wawili ambao hawakuwahi kuonana. Wa kwanza ni Imamu Ghazali wa Tus, Uajemi, aliyefariki mwaka 1111. Wa pili ni Ibn Rushd wa Cordoba, aliyezaliwa 1126. Ghazali alisema: ukisogeza moto kwenye pamba na pamba ikaungua, ulichoshuhudia ni mambo mawili kufuatana, basi. Hukuona lazima yoyote katikati yake. Anayeunguza ni Mungu, naye akitaka pamba itakaa motoni isidhurike, kama Nabii Ibrahimu alivyotupwa motoni akatoka mzima. Ibn Rushd, ambaye alikuwa kadhi na vilevile tabibu, akarudisha jibu kali: mwenye kukanusha sababu za vitu ameikanusha akili yenyewe, kwa kuwa kazi ya akili ni kuvijua vitu kwa sababu zake. Mungu ndiye aliyeupa moto tabia ya kuunguza, na kuichunguza tabia hiyo ni njia ya kumjua aliyeiweka. (Tomaso wa Akwino wenu alimsoma sana huyu. Samahani, si wenu, ni wa Wakatoliki, usininunie.)

Kirudie sasa kikombe. Mti ni uleule, maji ni yaleyale, jiko ni lilelile, ila mkono wa mtu mmoja ndio unaoufanya uwe dawa. Hiyo ni pamba ya Ghazali moja kwa moja. Na wale wataalamu wa serikali waliochukua sampuli, wakapima, wakasema kwa kipimo kile hauna sumu, walikuwa wanafunzi wa Ibn Rushd hata kama hawajawahi kulisikia jina lake. Nchi nzima ilikuwa inabishana falsafa ya karne ya kumi na mbili kwenye vituo vya daladala.

Hapa Baraka atapiga makofi, atasema ndiyo hivyo, Ibn Rushd kashinda, dini ikae pembeni. Mzuie kidogo. Kwanza Ibn Rushd alikuwa mtu wa dini, akihukumu kwa sheria ya dini miaka mingi. Pili, kuna jambo la Ghazali ambalo watu hawalisemi. Katika kitabu chake kikubwa, Ihya, aliiweka elimu ya utabibu kwenye fardhi kifaya. Akalalamika kwa uchungu kwamba vijana wanasongamana kwenye kusomea mabishano ya kisheria, kwa kuwa huko ndiko kwenye vyeo na fedha za wakfu, huku miji kadhaa haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Ndiyo, mtu huyohuyo wa pamba na moto.

Fardhi kifaya kwetu ni deni la mji mzima. Wakilitimiza wachache, wote wamepona. Asipolitimiza hata mmoja, wote wana dhambi, hata yule mcha Mungu asiyekosa safu ya kwanza msikitini. Kumwosha na kumzika maiti ni fardhi kifaya. Basi kwa hesabu ya Ghazali, mji usio na daktari uko kwenye aibu ileile ya mji ulioacha maiti barazani bila kuzikwa.

Mimi foleni ya Samunge naitazama kwa jicho hilo. Baraka anaona ujinga. Mimi naona deni. Mwaka 2011 mwenye saratani wa Kigoma aliyehitaji mionzi ilibidi aende Ocean Road, Dar es Salaam, na hapo uwe umeshapata nauli, mwenyeji wa kukulaza, na mtu wa kukulimia shamba. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure tangu 2004, lakini kituoni ulitazamwa na kila anayekujua. Babu alitoza shilingi 500 kwa kila mtu na hakumuuliza mtu ameupataje ugonjwa. Usidharau hilo la pili. Wapo walioacha dawa zao baada ya kunywa, na kwangu hilo ndilo baya kuliko yote katika habari ile, kubwa kuliko ndoto na kuliko mizizi. Na wale wa helikopta, ambao walikuwa na uwezo wa kutibiwa India? Nadhani kuna hofu ambayo fedha haiifikii, lakini sidai kuwaelewa.

Mzee mwenyewe alifariki Julai 2021. Barabara ya kwenda Samunge ilikuwa imeshatulia miaka mingi kabla ya hapo.

Ungeniuliza dini ipi inanitisha, nisingekutajia Loliondo. Ningekutajia Shakahola. Msitu ule wa Kilifi, Kenya, uliotolewa maiti zaidi ya 400 kuanzia Aprili 2023, za watu wanaosemekana walifundishwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu, watoto wakiwemo. Kesi imefikishwa mahakamani, sitahukumu. Lakini linganisha namna ya mambo. Samunge ulikunywa, ukageuza gari, ukarudi kwenu kwa wanao na kwa vidonge vyako ukipenda. Shakahola watu waliacha kazi, wakawatoa watoto shule, wakahamia porini, na hospitali ikawa dhambi. Tangu hapo nimekuwa na kipimo changu, nakitumia hata msikitini kwetu: mhubiri huyu ananiachia njia ya kurudi nyumbani? Akianza kunitenga na dada yangu, na mwalimu wa mwanangu, na wewe kwa kuwa u Mluteri, namwachia viatu vyangu pale mlangoni niondoke pekupeku, hata kama aya zote anazosoma ni sahihi.

Umeniuliza na mimi mwenyewe naamini nini, ukasema nisikwepe. Naswali, hilo unalijua. Naswali hata siku ambazo moyo haumo, na siku hizo ni nyingi kuliko ninavyomwambia mama. Mtoto akishikwa na malaria namtumainia mseto, na saa zangu nazitega ili dozi isipitilize. Kisha usiku, ninapokaa kumtazama anavyopumua, namwomba Mwenye kuponya. Mchana, basi, ni Ibn Rushd, usiku ni Ghazali, na mikononi mwangu wazee hao bado hawajagombana. Najua mwanafalsafa wa kweli angesema nachanganya mambo. Akija kumuuguza mtoto usiku tutazungumza.

Sitaki umlazimishe Baraka kurudi kanisani. Akirudi kwa kuburutwa atakaa benchi la nyuma na simu. Ila asiache kwenda misibani na usharika wenu, hilo msimame nalo. Baba alipofariki mlishuka huku na akina mama wenzako, mkakaa jamvini, mkachambua mchele na sisi, na kaka yako akaingia kaburini kupokea mchanga na wanaume wetu. Kijana anaweza kulibishia fundisho lote na bado akashika jembe. Wengi wanaoshika jembe, kwa siri, ndivyo walivyo.

Liko swali moja sitaki nikufiche. Ulisema Baraka aliuliza kwa sauti ya chini, baada ya kelele zake zote: kama ni Mungu aliyekuwa anaponya pale Samunge, wale zaidi ya 50 waliokufa kwenye foleni, wengine wakikaribia kufika, aliwasahau? Nimelizungusha wiki nzima. Ghazali ataniambia hekima ya Mungu haihojiwi, Ibn Rushd ataniambia walikuwa wagonjwa mahututi na hawakupaswa kutolewa wodini. Yote mawili nimejaribu kuyasema kwa sauti mbele ya Zaituni, na Zaituni, aliyewaona baadhi yao wakifunikwa kwa kanga, alinyanyuka akaenda kuangalia wali.

Mlete Desemba akifunga chuo. Hoja ya kikombe aiache huko, nimeshaichoka. Aje na hiyo ya foleni, maana jibu lake sina, na nataka nione yeye analo lipi.

Wasalimie wote, na goti lako ulipeleke hospitali.

Wako,
Mwanaidi